Mlinzi wa Mbuzi wa Eda

Mimi si mtu wa kumshukuru kila anayepita. Nilicho nacho nimekitafuta mwenyewe. Shule niliacha darasa la nne, na leo wako watu wenye digrii wanaokaa kwenye benchi la nje wakisubiri nimalize chai. Nilianza na baiskeli moja, nabeba sabuni kutoka mpakani Vurra. Sasa lori langu likikaribia Oraba, maajenti wa forodha wanajua ni la nani kabla halijasimama. Nasema hivyo ili anayesoma ajue kwamba anayeandika si mtu mdogo. Lakini yuko mzee mmoja ambaye kila nikimfikiria nashusha pumzi, hata kama niko barabarani na shughuli zangu, na huyo ndiye ninayetaka kumwandika.

Jina lake sitaliweka hapa. Kwenye karatasi za chuo kikuu aliandikwa mtunza wanyama, na sisi mjini Arua tukamwita Mtunzaji. Alizaliwa wapi, baba yake nani, waulizeni wengine. Mimi nilimkuta akiwa tayari mzee, mfupi, na mikono mikubwa kuliko mwili wake, amevaa koti la jeshi lisilo na kifungo hata kimoja. Koti alilifunga kwa kamba ya katani, na kwenye hiyo kamba alining'iniza funguo. Ukisikia zile funguo zinagongana, unajua anakuja, na kama ulikuwa umeegemea mlango wa stoo, unaondoka.

Stoo ilikuwa yangu. Hapo ndipo tulipojuana. Sisi tulikimbia vita mwaka sabini na tisa, wengine Kongo, wengine Sudani, na tuliporudi wengi walikuta nyumba hazina paa. Mimi niliporudi nilikuwa na akili ya biashara niliyoipata kule Aru, upande wa Kongo, nikanunua stoo kubwa ya tumbaku pembeni mwa mji, nikaifunika mabati mapya. Kwa muda mrefu Arua haikuwa na paa zima kubwa kama langu. Kwa hiyo watu wa chuo kikuu walipotafuta mahali pa kuweka mbuzi wao kwa muda, walikuja kwangu. Nani mwingine wangemwendea?

Mbuzi walikuwa ishirini, wa utafiti wa malale, ule ugonjwa wa kulala unaoletwa na mbung'o. Watafiti walikuwa wakitaka kujua kama mifugo inauficha ugonjwa ndani ya damu. Utafiti wa kwanza ulikuwa umekwisha, na kibali chake kilikwisha nao. Baadhi ya mbuzi walikuwa wamechomwa dawa, baadhi hawakuchomwa. Utafiti wa pili ulikuwa umeandikwa lakini kamati ya chuo kule Kampala ilikuwa haijaukubali. Upepo ukang'oa paa la banda lao la zamani. Basi wakaletwa kwangu wakae, pamoja na Mtunzaji, mpaka kamati iseme.

Siku ya kwanza nilimwendea kama mwenye nyumba anavyomwendea mpangaji.

"Mzee, hawa mbuzi watafanya nini hapa?"

"Takaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Hapana chomwa sindano, hapana uzwa, hapana chinjwa, hapana zaa." Madume alikuwa ameshayatenga upande mwingine. Akaitazama kofia yangu. "Wewe si iko Muislamu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwanamuke akifiwa na bwana, anakaa eda. Si ndiyo? Anakula, anaoga, akiumwa anapelekwa hospitali. Lakini hapana mutu ya kuja kuposa. Sasa hawa, bwana ya kwanza imekufa." Alikuwa na maana ya kile kibali cha zamani. "Bwana ya pili bado kuandikwa. Iko katikati. Kwa hiyo wewe hapana kuja hapa na macho ya kuposa."

Neno hilo likatoka stoo likaenda sokoni kabla ya mimi kufika sokoni. Mji mzima ukawaita mbuzi wa eda. Wanawake waliokuja kuchota maji kwenye bomba langu walikuwa wakiwasalimia kutoka nje ya ukuta: "Poleni na msiba, mashoga!" na Mtunzaji anawajibu kutoka ndani, kwa sauti ya adabu kabisa, "Wanasema asante."

Usidhani ilikuwa mchezo. Mchezo ulikuwa mdomoni, mikono haikucheza. Kila asubuhi, kabla hajanywa hata maji, alimkamata mbuzi mmoja mmoja, akamfungua mdomo, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya mbele, chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Mbuzi ishirini, midomo ishirini. Nilimuuliza anatafuta nini. Alisema mbuzi anayeanza kuumwa anaanza kula vibaya, na anayekula vibaya meno yake yanasema kabla yeye hajalala chini. Sijui kama madaktari wanakubaliana na hilo. Ninachojua ni kwamba wale mbuzi hakuwapa majina wala hakuwatambua kwa rangi. Ukimuuliza habari za mbuzi mweupe mwenye doa, anakuuliza, "Yule wa meno gani?" Mmoja meno yake yameachana, mwingine yamelala upande, mwingine moja limevunjika kama kigae. Alama waliyokuwa nayo kwa desturi ni mkato mdogo sikioni, lakini hiyo aliidharau. Wafugaji wetu wengi wanakata masikio, alisema, sikio halikuambii kitu.

Alikuwa na neno moja alilolitumia kama wengine wanavyotumia salamu: "Karatasi iko wapi?"

Mtafiti mmoja kijana, msomi mwenye miwani na viatu vya kung'aa, alikuja na begi la sindano. Alikuwa na haraka ya kurudi Kampala. Akasema kibali kinakuja wiki ijayo, yeye anataka damu kidogo tu, tone moja moja, halafu tarehe atairekebisha.

"Karatasi iko wapi?"

"Nimekwambia inakuja, mzee. Tone moja haliumizi."

"Haliumizi?"

"Hata kidogo."

"Basi anza na kidole yako, daktari. Mimi tashika."

Na kweli alimshika mkono. Nilikuwepo. Kijana aliuvuta mkono wake, lakini ile mikono ya mzee haikuwa mikono ya kuvutwa, mpaka mimi nikacheka, na mzee naye akacheka, akamwachia. Kijana aliondoka na sindano zake zote. Wiki ijayo ile ilichukua miezi tisa.

Afande mmoja naye alikuja na gari na askari wawili, akitaka dume moja kwa ajili ya wageni wake. Siku hizo, mtu mwenye bunduki akikuomba mbuzi, unamsaidia kumpakia. Mimi mwenyewe nilishaanza kusogea nifungue. Mtunzaji akasimama mlangoni, kamba ya katani kiunoni, akapiga saluti safi kabisa, kisigino kwa kisigino, akasema:

"Afande, karatasi iko wapi?"

"Karatasi ya nini?"

"Ya kula. Hii mbuzi imechomwa dawa. Mimi hapana jua dawa gani. Wewe kama iko na mutu ya kujua, andika hapo, weka sahihi, halafu kula."

Afande akamtazama, akamtazama mbuzi, akawatazama wale askari wake wawili. "Wewe, mzee, ulikuwa kikosi gani?" aliuliza. Wakaanza kuzungumza habari za kambi za zamani, na wakaachana wanapeana mikono. Dume likabaki linatafuna gunia langu.

Hata mavi aliyawekea karatasi. Majirani walitaka samadi kwa bustani zao, akakataa mpaka aandike barua chuo kuuliza kama samadi inaruhusiwa kutoka. Barua aliandikiwa na karani wangu, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kusoma zaidi ya namba na mihuri. Jibu lilikaa wiki nyingi. Likaja: samadi ifukiwe. Akachimba shimo nyuma ya stoo yangu, akafukia samadi nzuri nyeusi mbele ya wanawake wenye majembe, nao wakamtukana mpaka wakachoka.

"Sasa huyu mzee ana wazimu," wakaniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Lakini wazimu wenyewe ulikuwa na matundu. Mtu huyu aliyechunga muda wa mbuzi kwa dakika, yeye mwenyewe hakuwahi kufika msikitini kwa wakati hata siku moja. Alikuwa anaingia watu wakitoka, anaswali peke yake, anatoka amenuna kama sisi ndio tuliowahi kupita kiasi. Aliwakatalia watu wote mbuzi, na yeye alikuwa mpenzi wa nyama kuliko mtu yeyote niliyemjua. Ijumaa alikaa kwenye kibanda cha mchoma nyama akala mpaka mfupa ukawa mweupe, kisha akaja kwa mbuzi wake akiwa bado ananuka mafuta, akawafungua midomo kwa upole wa ajabu. Nilimwambia, "Mzee, hawa wanakusikia harufu ya ndugu zao." Akasema, "Wale walikuwa na karatasi."

Na makaratasi yenyewe aliyachukia. Ukimpa fomu anaishika kwa ncha za vidole, kama kitu kilichotoka shimoni. Siku moja tu alinieleza, tena bila mimi kumuuliza. Tulikuwa tumekaa kizingitini, mvua inanyesha juu ya mabati yangu. Akasema kule Sudani alikaa kambini miaka mingi bila karatasi. Hakuwa mkimbizi aliyeandikwa, hakuwa mwenyeji. Kila asubuhi akiulizwa yeye ni wa nani, hana jibu.

"Mutu ya namna hiyo," akasema, "kila mutu anamuona iko yake. Huyu nataka alime shamba, huyu nataka abebe mizigo. Kwa sababu hapana mutu ya kuuliza." Akawaonyesha mbuzi kwa kidevu. "Hawa iko na mutu ya kuuliza."

Mvua ikakatika, akaenda kubadilisha maji.

Mimi na yeye tuligombana mara nyingi, kwa sababu mimi nilizoea kusifiwa na yeye hakuzoea kusifu. Nilipoleta pikapu yangu ya kwanza, watu walijaa uani. Yeye akaizunguka mara moja, akasema, "Moshi nyingi." Basi. Nilipojenga ukuta wa zizi la mbuzi wangu mwenyewe, kwa udongo, haraka haraka, kando ya stoo, aliusukuma kwa kiganja akasema, "Hii italala na mvua." Nilimwambia achunge vya chuo, vyangu nitavichunga mimi. Ukuta ulilala na mvua. Na hapo ndipo kilipotokea kile kinachonifanya nishushe pumzi.

Nilikuwa naoa. Namwoa binti wa Haji mmoja wa Koboko, ukoo wa askari wa zamani, watu wenye heshima na wenye macho. Ndiye mke wangu mpaka leo. Nilikuwa nimeapa kwamba Koboko haijapata kuona karamu ya namna hiyo. Mbuzi saba niliwatayarisha: sita wa kuchinja, na mmoja, mkubwa kuliko wote, nimpe baba mkwe akiwa hai, mbele ya watu, kwa heshima. Siku mbili kabla ya harusi ukuta wangu ukaanguka. Mbuzi wangu saba wakawa hawana pa kulala.

Siku hiyohiyo Mtunzaji alikuwa na msiba kijijini Dadamu. Aliniachia ufunguo wa pili kwa ajili ya maji tu. Aliuweka kiganjani mwangu akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. "Maji. Majani. Funga. Hapana kitu ingine."

Nami nikafanya kitu kingine. Mfanyabiashara akiona nusu ya stoo iko tupu, roho inamuuma. Niliwaingiza mbuzi wangu saba upande ule mtupu, nikatandika magunia ya kutenganisha. Mbuzi na gunia! Asubuhi ya harusi, kiza hakijatoka vizuri, nikaingia kuwapakia. Walikuwa wamechanganyika kama maharagwe. Nikawatoa saba kwa kupapasa, mkubwa mkubwa, nikajiambia mbuzi ni mbuzi. Maisha yangu yote nilikuwa nimenunua na kuuza mbuzi, ningekosea mimi? Nikafunga mlango, nikaenda Koboko nikipiga honi kila kijiji.

Ndoa ilifungwa vizuri. Nilisimama mbele ya wakwe zangu, nikamkabidhi Haji kamba ya yule mbuzi mkubwa, nikasema kwa sauti kwamba huyu ni mbuzi wa Kongo, nimemtoa mbali, hapa Koboko hakuna mwenzake. Watu wakapiga vigelegele. Haji akamshika pembe, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaagiza afungwe nyuma ya nyumba. Wale sita walikuwa wameshachinjwa, sufuria zinachemka, wageni wamekaa kwenye mikeka wananawa mikono.

Hapo nikasikia funguo.

Alikuwa amerudi kutoka Dadamu asubuhi, akahesabu meno. Alikuta mbuzi mmoja mgeni kati ya wake, na mmoja wake hayupo. Akapanda lori la kwenda Oraba, juu ya magunia ya chumvi, akashukia Koboko. Alikuwa mweupe wa vumbi na chumvi. Hakusalimia mtu. Alinijia moja kwa moja, nimevaa kanzu yangu mpya, akaniambia sikioni:

"Nyama imeliwa?"

"Bado. Mzee, karibu, kaa kwanza..."

"Moja iko yangu. Yule ya jino kuvunjika. Alichomwa dawa mara tatu."

Mdomo wangu haujapata kukosa neno. Nikamnong'oneza, "Mzee, nyama imechemka masaa matatu. Moto unaua kila kitu."

"Unaua nini?"

"Dawa. Ugonjwa. Kila kitu."

"Mimi hapana jua moto inaua nini," akasema. "Wewe unajua?"

Nikatazama ile mikeka. Kulikuwa na watu labda mia, wazee, wanawake wenye mimba, watoto wamekaa juu ya magoti ya mama zao. Nilikuwa sijui. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na sikulitoa. Nilisema tu tuangalie vichwa, kwa siri, bila kuwatisha watu.

Kwa siri! Jikoni alikuwa shangazi wa bibi harusi, mama mnene mwenye mwiko mrefu kama kasia. Vichwa vilikuwa vimeshababuliwa kwenye moto kwa ajili ya supu, kama desturi. Masikio yalikuwa yameungua yote, hakuna mkato wala sikio. Mtunzaji hakuyatazama. Alikaa chini, akaweka kichwa cha kwanza mapajani, akafungua taya, akapitisha kidole gumba.

"Si yangu."

"Huyu ni nani anayepima mbuzi wetu meno?" shangazi akauliza. "Bwana harusi, umetuletea mganga au mnunuzi?"

"Shangazi, ngoja kidogo."

"Wageni wana njaa, mimi ningoje kidole cha mzee?"

"Si yangu," akasema Mtunzaji. Cha tatu: "Si yangu." Cha nne. Cha tano alikirudia mara mbili, mpaka nikafumba macho. "Si yangu."

"Cha sita kiko wapi?" nikauliza.

"Kimekwenda kwa mjomba," shangazi akasema. Mjomba wa bibi harusi alikuwa mgonjwa wa miguu, hakuweza kuja, na haki yake ya kichwa alipelekewa nyumbani. Nikamwambia shangazi, tafadhali, mtu asipakue chakula mpaka turudi. Akaweka mwiko begani. "Nenda. Lakini wakinila mimi, damu yangu iko juu yako."

Tulikwenda kwa miguu, mzee mbele, mimi nyuma nimeshika kanzu. Na sasa niseme jambo ambalo mke wangu aliambiwa miaka mingi baadaye. Kila hatua nilijua kwamba yuko mbuzi wa saba, mzima, amefungwa nyuma ya nyumba ya Haji. Ningeweza kusema, twende tumwangalie huyo kwanza. Lakini kama ndiye, ningelazimika kumnyang'anya baba mkwe zawadi niliyompa mbele ya Koboko nzima, saa moja baada ya ndoa. Nilijiambia nimesahau. Sikusahau.

Kwa mjomba, kichwa kilikuwa kimepasuliwa, kiko chunguni. Mkewe alitutazama tu. Mtunzaji akaomba mwiko, akatoa taya la chini, moto moto, akalipuliza, akaweka kidole.

"Si yangu."

Nikakaa chini pale pale, na kanzu yangu, kwenye majivu. Nilicheka, nafikiri nililia pia. Mjomba kutoka kitandani akauliza kama harusi imevunjika. Mtunzaji hakucheka. Alinigeuzia uso.

"Ulikuwa na saba. Moja imebaki stoo. Sita yako, moja yangu, jumla saba. Nimeona sita. Ya saba iko wapi?"

Nikamwambia.

Hakunilaumu. Alinyanyuka tu akajifuta mikono. "Basi twende," akasema. "Wewe utasema."

Na mimi nilisema. Nilisimama mbele ya ile mikeka, mbele ya Haji, na majivu matakoni, nikasema: "Baba, yule mbuzi wa Kongo si wa Kongo. Tena si wangu. Ni wa chuo kikuu, nimemchukua kwa makosa, na huyu mzee amekuja kumchukua." Mtunzaji akamfungua mbuzi mdomo, hapo hapo, ili watu waone lile jino limevunjika. Haji alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Kumbe mukwe yangu," akasema pole pole, "naniletea mbuzi ya serikali." Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha askari, na watu wote wakakifuata. "Chukua mbuzi yako, mzee. Lakini kwanza kula. Nyama iko halali?"

"Iko halali," Mtunzaji akasema. "Nimeona meno yote."

Alikula sahani tatu. Shangazi mwenyewe alimpakulia, akamwita "mume wangu wa meno". Nilipowatazama watu wanakula, mafuta yanawashuka viganjani, nilihisi wepesi ambao sijaupata hata siku nilipolipa lori langu la kwanza. Mpaka leo nikikutana Koboko na mtu aliyekuwa mtoto siku ile, sasa ana ndevu, nampa soda bila sababu.

Tuliporudi Arua nikamwomba jambo moja: asiandike. Kulikuwa na daftari la stoo, na kila mbuzi anayetoka anaandikwa. Mkuu wa wanyama wa chuo, mwanamke tuliyemwita Mama Daktari, alikuwa anakuja kukagua. Angeweza kumfukuza mzee kazi. Angeweza kuamuru mbuzi wote ishirini wauawe na kufukiwa, kwa kuwa eda yao imevunjwa. Nilimwambia, "Mzee, mbuzi amerudi, nani atajua?"

"Mimi," akasema. Akamwita karani wangu, akamwambia andika: alitoka, alikwenda Koboko, alirudi, mlango ulifunguliwa. Jina la aliyefungua akaliacha wazi, akaniangalia. Nikaandika mwenyewe. Kwa herufi zangu za darasa la nne, kubwa kubwa.

Mama Daktari alisoma akiwa amesimama. Aliniuliza maswali mengi, na kwa mara ya kwanza maishani nilijibu kwa maneno machache. Alimpima yule mbuzi, akaagiza atengwe peke yake wiki kadhaa, na sisi tusiguse kitu. Halafu akafunga daftari. "Wote wangeandika hivi," akamwambia Mtunzaji, "mimi ningelala usingizi." Mbuzi hawakuuawa. Mzee hakufukuzwa. Kibali kikaja mwishowe, chenye mihuri miwili, na lori la chuo likawachukua mbuzi na yeye juu yao, anawahesabu.

Sikumwona tena kwa miaka mingi. Mwishoni, katika miaka ya tisini, nilisikia amerudi, yuko Koboko kwa mjukuu wake, karibu na barabara ya Oraba. Nikaenda na gari jipya. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya karanga kwa kupapasa, macho yamekuwa meupe. Nilimtajia jina langu na mali zangu, kama kawaida yangu. Akasikiliza yote.

"Moshi imepungua," akasema.

Tulikunywa chai. Tulizungumza habari za watu waliokufa na waliooa. Kulikuwa na swali nililolibeba tangu siku ile ya majivu, na nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Mzee, kama lile jino lingekuwa kwenye kichwa kimoja pale jikoni, ungefanya nini?"

"Mimi? Ningesema, hii iko yangu."

"Halafu?"

"Halafu basi. Kusema ilikuwa kazi yangu. Sufuria ilikuwa yako."

Nikazikumbuka zile sufuria, na wageni mia wamenawa mikono, na wakwe zangu, na ile kanzu mpya. Akamenya karanga nyingine nne au tano.

"Ningemwaga, mzee," nikasema.

Akanigeuzia yale macho yake yasiyoona, akayaacha usoni pangu muda mrefu, kama anasoma.

"Leo, ndiyo," akasema, akanipa karanga. "Leo ungemwaga."